Kupima joto la maji ya mto na hali ya hewa: mwongozo kwa Bahi na miji midogo ya jirani

Ukiambiwa kwamba maji ya Mto Bubu leo yana nyuzi 27, uliza kwanza saa ngapi na sehemu gani. Bubu pale Bahi, mkoani Dodoma, ni mto wa mchanga, mpana na wa kina kifupi. Maji ya namna hiyo hupoa usiku na kupata moto mchana, na tofauti ya nyuzi tano au zaidi ndani ya siku moja si jambo la kushangaza. Maji yale yale yanaweza kuwa baridi kwa anayenawa uso alfajiri na vuguvugu kwa anayevusha ng'ombe saa 10 jioni. Namba isiyo na saa wala mahali haimsaidii mkulima wa mpunga, mvuvi wa kambale, wala mwalimu wa jiografia anayetaka wanafunzi wachore grafu.

Ndiyo maana hapa tunaanza na saa na mahali, kisha vifaa. Wengi huanza na kununua kifaa cha bei, wakapima ovyo kwa miezi mitatu, na mwisho hakuna kinacholinganishika na kingine.

Saa za kupima

Pima mara mbili kwa siku: saa 1 asubuhi na saa 10 jioni. Kanda hii jua huchomoza kati ya saa 12 na dakika kumi hivi (Novemba) na karibu saa 1 kasorobo (Julai), na maji hufikia ubaridi wake wa mwisho muda mfupi kabla au baada ya hapo. Mchana, jua liko juu kabisa kama saa 6 na nusu, si saa 6 kamili, kwa sababu tuko magharibi ya mstari ambao saa zetu zimewekwa kwao. Hewa hufikia kilele cha joto kwenye saa 9, na maji hufuata nyuma kidogo. Saa 1 na saa 10, basi, zinakupa karibu kabisa ncha mbili za siku.

Kama una nafasi moja tu, chagua saa 3 asubuhi, saa ambayo pia mvua husomwa. Joto la saa 3 si la chini kabisa wala la juu kabisa, lakini likichukuliwa kila siku saa hiyo hiyo litakuonyesha vizuri mabadiliko ya wiki hadi wiki. Kinachoua takwimu ni kupima leo saa 2, kesho saa 5, na keshokutwa "baada ya kanisa".

Kuna mtego wa saa ambao sisi tunauingia kuliko wengine. Mwenye daftari anaandika saa 3, simu inaandika 09:00, na kifaa kilichopangwa kwa saa za kimataifa kinaandika 06:00. Zote ni wakati ule ule. Mtu akiandika "3:00" kwenye kompyuta, mashine inaelewa saa 9 usiku. Ukurasa wa kwanza wa daftari andika mfumo mnaoutumia, na ukihamishia ekseli badilisha yote kuwa saa 24.

Mahali

Tafuta mkondo mkuu, pale maji yanapokwenda. Dimbwi lililojitenga pembeni hupata joto haraka sana na halisemi chochote kuhusu mto. Epuka pia sehemu iliyo chini ya mfereji unaorudisha maji kutoka mashamba ya mpunga, kwa kuwa maji yaliyolala majarubani siku nzima hurudi yakiwa na joto lake. Kaa upande wa juu wa mahali pa kunyweshea mifugo. Ukishapata mahali, weka alama ya rangi kwenye nguzo ya daraja au jiwe kubwa, na usihame. Mchanga ukihamisha mkondo baada ya mafuriko, jambo ambalo hutokea, ufuate mkondo lakini andika umehama hatua ngapi na upande gani.

Kipimajoto, na namna ya kukijaribu

Kwa kuanzia, kipimajoto cha glasi chenye kimiminika chekundu, cha kuanzia nyuzi 0 au chini yake hadi 50, chenye mistari ya nyuzi moja moja, kinatosha. Cha zebaki usikipeleke mtoni: kikivunjika kwenye jiwe umemwaga sumu kwenye maji ya watu. Vile vya kidijitali vyenye ncha ya chuma na waya ni vizuri na husoma haraka, mradi uvijaribu. Kipimajoto cha homa hakifai, maana huanza karibu nyuzi 32 na maji ya mto mara nyingi yako chini ya hapo.

Jaribio la kwanza ni la barafu. Ponda barafu ya maji matupu ndani ya kikombe kirefu hadi kijae, mimina maji baridi safi yajaze nafasi zilizobaki, koroga, halafu tumbukiza ncha katikati bila kugusa kuta. Subiri dakika tatu hadi tano. Kipimo kiwe 0. Kikisoma 0.8, kifaa chako kinazidisha kwa 0.8 na utakuwa unaiondoa kwenye kila kipimo. Andika namba hiyo kwa kalamu ya maka kwenye mpini wenyewe. (Barafu za ubuyu za mtaani hazifai hata kidogo. Sukari hushusha kiwango cha kuganda, na utakilaumu kifaa kisicho na kosa.)

Jaribio la pili, ambalo vitabu vingi hulitaja, ni la maji yanayochemka, na hapa ndipo watu wa Dodoma hupotezwa. Nyuzi 100 ni za usawa wa bahari. Bahi iko kama mita 830 juu ya bahari, na maji huchemka kwenye karibu nyuzi 97. Dodoma mjini, palipo juu ya mita 1,100, huchemka kwenye karibu nyuzi 96. Ukirekebisha kifaa kisome 100 kwenye sufuria ya Bahi umekiharibu kwa nyuzi tatu. Na kipimajoto cha mwisho nyuzi 50 usikiingize kwenye maji ya moto kabisa, kitapasuka. Kwa kazi ya mto, barafu pamoja na kulinganisha vipimajoto viwili ndani ya ndoo moja ya maji ya kawaida inatosha. Rudia kila baada ya miezi mitatu.

Kimiminika chekundu kikikatika vipande viwili ndani ya mrija, kwa kawaida baada ya safari ya bodaboda, kipimo kitapotea kwa nyuzi kadhaa na hutagundua usipoangalia. Kishike wima na ukigonge taratibu kwenye kiganja mpaka kiungane.

Hatua mtoni

Vaa mabuti ya mpira. Maji yanayotulia pembezoni yana konokono wa kichocho, na miguu mitupu kila siku mara mbili ni kujitafutia ugonjwa. Usiingie mtoni peke yako, na usiingie kabisa maji yakiwa juu ya magoti au yamebadilika rangi ghafla. Kwa wa bwawa la Mtera, kuna mamba na viboko. Pima kwa ndoo na kamba ukiwa mahali palipoinuka, usisogee ukingoni alfajiri.

Simama ukitazama juu ya mto, yaani maji yakujie, ili joto la miguu yako na matope unayotibua vikupite nyuma. Tumbukiza kipimajoto kina cha sentimita 20 hivi. Kama maji yana kina cha sentimita 15 tu, kiweke katikati ya kina na ncha isiguse mchanga. Mchanga uliopigwa na jua una joto lake. Kikinge kwa kivuli cha mwili wako. Subiri dakika mbili kwa cha glasi, au mpaka namba itulie nusu dakika kwa cha kidijitali. Soma ncha ikiwa bado ndani ya maji, jicho likiwa usawa wa kimiminika. Hili la mwisho ndilo hukosewa zaidi: ukikitoa ili uone vizuri, upepo mkavu wa Dodoma hukausha unyevu kwenye ncha na kipimo hushuka nyuzi moja au mbili mbele ya macho yako.

Ukilazimika kutumia ndoo, iwe ya lita 10. Isuuze kwanza kwa maji ya mto ili ndoo iliyokaa juani isiyapashe, teka, weka kivulini, na soma ndani ya dakika moja. Kikombe hakifai, maji machache hubadilika joto upesi.

Andika papo hapo kwa penseli kwenye kaunta buku. Wino hufifia ukilowa, na kumbukumbu ya kichwani huishia kwenye mazungumzo ya njiani. Mstari mmoja wa mfano:

12 Feb | saa 10:05 jioni | maji 29.5 | hewa 31.0 | usawa: daraja hadi maji m 3.42 | rangi: kahawia | mawingu nusu anga | upepo mashariki, vumbi linaruka | mvua ya jana mm 0

Kihisi cha kuachwa majini

Shule au kikundi chenye fundi kinaweza kutumia kihisi cha joto cha DS18B20 chenye ala ya chuma isiyopitisha maji, kilichounganishwa na kibao kidogo cha kompyuta cha Arduino au ESP32. Kinahitaji waya tatu na rezista ya kiloomu 4.7 kati ya waya wa data na wa umeme. Usahihi wake ni nusu nyuzi juu au chini, unaotosha kwa mto.

Weka kihisi ndani ya bomba la chuma lililotobolewa matundu mengi, ulifunge kwenye nguzo upande wa chini wa mkondo ili magogo ya mafuriko yasilipige, na uombe ruhusa kwa wenye daraja kwanza. Kisha jifunze kusoma makosa yake. Kikionyesha 85 kamili, hakikumaliza kupima. Hiyo ni namba ya kuanzia tu, na kwa kawaida umeme haukutosha au programu haikusubiri. Kikionyesha -127, waya umekatika au kiungo kimeingia maji. Joto likianza kuruka kutoka 17 alfajiri hadi 38 mchana, mto umeshuka na kihisi kiko hewani ndani ya bomba linalochomwa na jua. Likinyooka karibu namba moja usiku na mchana, kimefukiwa na mchanga. Haya mawili ya mwisho hayatangazwi na kifaa. Yanaonekana kwenye grafu tu, kwa hiyo mtu aitazame kila wiki.

Namba inasema nini

Mvua kubwa ikinyesha upande wa juu wa mto, maji ya mafuriko hufika yakiwa baridi kuliko ya jana na yenye matope; joto linaweza kushuka nyuzi kadhaa ndani ya saa moja. Mawingu ya siku nzima hupunguza pengo la asubuhi na jioni kuliko yanavyoshusha wastani. Upepo mkavu hupoza maji kwa kuyakausha, kama mtungi unavyopoza maji ya kunywa, kwa hiyo siku ya upepo maji yanaweza kubaki chini ya joto la hewa mchana kutwa.

Kwa wafugaji wa samaki wanaovuta maji ya mto, perege hukua vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30 hivi. Yakishuka chini ya 20 hula kidogo, na chakula kinachobaki huoza. Maji ya moto nayo yana tatizo lake, kwani hubeba oksijeni pungufu. Kwa mwinuko wa Bahi, maji safi ya nyuzi 20 hubeba kama miligramu 8 kwa lita yakiwa yameshiba hewa. Ya nyuzi 30 hayafiki 7. Mwinuko wenyewe umeshakula karibu sehemu moja ya kumi ukilinganisha na pwani. Ndiyo maana Februari perege huonekana wakihema juu ya maji alfajiri, wakati kambale, anayeweza kuvuta hewa ya juu, anatulia tu.

Wa Mtera wakumbuke kuwa joto la juu ya bwawa si joto la mto chini ya bwawa. Maji ya juu hupigwa na jua, yale yanayopita kwenye mitambo hutoka kina kingine. Vipimo vya sehemu hizo mbili viwe na kurasa zake.

Mvua

Milimita moja ya mvua ni lita moja kwenye kila mita ya mraba. Kipimamvua cha kutengeneza hakina ugumu: faneli ya kipenyo cha sentimita 12 juu ya dumu la lita 5, dumu likiwa limefukiwa ardhini kiasi na mdomo wa faneli uwe sentimita 30 juu ya ardhi, umelala sawa kabisa. Zungushia mdomo ukanda wa bati ulionyooka wa sentimita 8 ili matone yasiruke nje.

Hesabu ni hii: nusu ya kipenyo mara yenyewe, mara 3.14, gawa kwa 10. Kwa faneli ya 12 ni 6 × 6 × 3.14 = 113, sawa na mililita 11.3 kwa kila milimita ya mvua. Ukikuta mililita 226 ndani ya dumu, imenyesha milimita 20. Pima kwa bomba la sindano la mililita 20 au 50 la duka la dawa. Vikombe vya jikoni vinadanganya. Faneli ya sentimita 15 ni mililita 17.7. Pima kipenyo cha ndani, si cha nje, maana ukingo mnene wa plastiki unatosha kukupa kosa la asilimia kumi.

Chupa ya soda iliyokatwa, ambayo watu huipenda, ina kitako chenye mabonde na kiuno. Mistari uliyoichora kwa rula haitakuwa milimita.

Soma kila siku saa 3 asubuhi hata kama hujasikia mvua, na andika kuwa ni mvua ya saa 24 zilizopita. Dumu likiachwa siku tatu kwenye jua hili, mvua ndogo hukauka na utaandika sifuri ya uongo. Matone machache ya mafuta ya kula ndani ya dumu huzuia. Mvua ya mawe isubiri iyeyuke. Mahali pawe wazi: umbali kutoka kwenye mti au nyumba uwe angalau mara mbili ya urefu wake. Mwarobaini wa mita 8 unataka mita 16. Zungusha uzio wa miiba, kwani mbuzi hukanyaga faneli na watoto hujaza dumu.

Usishtuke na mpangilio wa mvua za huku. Msimu ni mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili, na mwaka mzima Dodoma hupata kama milimita 550 hadi 600. Mvua moja ya jioni ya milimita 50 ni karibu sehemu ya kumi ya mwaka, ukikosa kuisoma umepoteza nyingi. Na mvua ya huku ni ya vipande: mjini kukavu, kijiji cha kilomita tano kimelowa. Vipimamvua vitatu vya madumu katika pande tatu vinasema kweli kuliko kituo kimoja cha gharama.

Joto la hewa na unyevu

Kipimajoto kilichotundikwa ukutani chini ya bati kinapima bati. Kinatakiwa kibanda cheupe chenye upepo, mita 1.25 hadi 2 juu ya ardhi isiyo na saruji. Fundi seremala anaweza kutengeneza cha mbao chenye kuta za vibao vilivyolala mshazari. Njia nafuu ni visahani vyeupe vya plastiki vya kuwekea vyungu vya maua: chukua nane, toboa tundu kubwa katikati ya vyote isipokuwa cha juu, vipange vikiwa vimefudikizwa kwenye skrubu ndefu tatu, na nati ziache nafasi ya sentimita moja na nusu kati ya kimoja na kingine. Kipimajoto kinaning'inia katikati.

Vumbi jekundu ndilo adui hapa. Kibanda kikishakuwa cha rangi ya udongo hakirudishi jua tena, na joto la mchana litapanda kwenye daftari bila kupanda hewani. Kioshe kila wiki mbili kiangazi.

Vitabu vya nchi za kaskazini husema mlango wa kibanda utazame kaskazini, vya kusini mwa dunia husema kusini. Sisi tuko karibu na nyuzi 6 kusini ya ikweta: jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena wiki ya pili ya Oktoba, liko kaskazini yetu Machi hadi Oktoba, na kusini miezi iliyobaki. Mlango wa kusini unafaa sehemu kubwa ya mwaka. Novemba hadi Februari fungua kwa haraka, ukikinga kwa mwili.

Kwa unyevu, chukua vipimajoto viwili vinavyofanana, kimoja ukifunge utambi wa pamba uliotumbukizwa kwenye maji. Mkavu ukisoma 30 na wenye utambi 20, unyevu wa hewa ni karibu asilimia 40. Tumia maji ya mvua au ya chupa. Maji ya visima vingi vya kanda hii yana chumvi. Baada ya wiki mbili utambi unakuwa mgumu, haunyonyi, na kipimajoto kilicholowa kinaanza kusoma kama kikavu.

Kipimo cha mgandamizo wa hewa ukiwa nacho, kumbuka mwinuko tena. Bahi husoma karibu hektopaskali 917. Simu inayoonyesha zaidi ya 1,000 imeshahesabu hadi usawa wa bahari. Usichanganye namba hizo mbili kwenye safu moja. Huku tropiki mgandamizo hupanda na kushuka kidogo mara mbili kila siku bila mvua yoyote, kwa hiyo kushuka kwa alasiri si dalili ya dhoruba.

Upepo andika unakotoka, si unakokwenda. Majani na vitawi vikitikisika muda wote ni kilomita 12 hadi 19 kwa saa. Vumbi na karatasi zikinyanyuka ni 20 hadi 28. Miti midogo ikiyumba mizima ni 29 hadi 38. Hii inatosha.

Usawa wa mto na maji ya ghafla

Usipime kina kwa fimbo kutoka chini. Kwenye mto wa mchanga sakafu hupanda na kushuka kila mafuriko, hivyo sentimita 60 za Januari si sentimita 60 za Machi. Pima kutoka juu: kamba isiyonyumbuka yenye kizito, kutoka alama moja ya rangi kwenye ukingo wa daraja hadi uso wa maji. Namba ikipungua, mto unapanda. Waeleze wasaidizi hili mara mbili, kwa sababu kila mgeni huligeuza.

Bubu hukusanya maji ya upande wa Kondoa na Chemba. Bahi inaweza kuwa na jua kali huku wimbi la maji likija. Dalili hufuatana: maji hubadilika rangi, takataka na majani huanza kuelea, joto hushuka bila wingu, usawa unapanda. Ukiona mbili kati ya hizo, toka mtoni kabla ya kuandika chochote. Upande wa Mpwapwa, Mto Kinyasungwe unafanya vivyo hivyo. Reli ya kati kati ya Gulwe na Kilosa imesombwa na mafuriko zaidi ya mara moja, ikiwemo mwishoni mwa 2009.

Kuwaambia watu

Bango mbele ya ofisi ya kata na ujumbe mmoja wa kundi la WhatsApp kila saa 4 asubuhi vinatosha: joto la maji la saa 1, usawa wa mto na umebadilika kiasi gani tangu jana, mvua ya saa 24, joto la juu na la chini la jana. Andika ulichopima tu. Utabiri na tahadhari ni kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, kwa sheria ya mwaka 2019, na ukitaka kusimika kituo cha kudumu cha kutoa takwimu nenda kwao kabla hujachimba shimo la nguzo. Taarifa yao ikitoka, isambaze kama ilivyo pamoja na daraja lake: angalizo, tahadhari, au tahadhari kubwa. Anayebadilisha "angalizo" ya njano kuwa "mafuriko makubwa yanakuja" atafanya watu wasisikilize siku nyekundu, ya tahadhari kubwa, itakapofika.

Kiangazi mto ukikauka, usifunge daftari. Endelea na hewa na upepo, na upime joto la maji kwenye kisima cha mchangani kinachochimbwa mtoni: maji ya chini ya mchanga hayayumbi sana, hukaa karibu na wastani wa mwaka, nyuzi 23 hadi 25 hivi, na hivyo yanakusaidia kugundua kipimajoto kilichoanza kudanganya. Kwenye safu ya joto la mto andika neno "mkavu". Usiache wazi, maana atakayesoma atadhani hukwenda, na usiweke 0, kwa sababu ekseli itaichukua kama nyuzi sifuri na wastani wa mwaka mzima utaanguka.